Kabla Mvua Haijashika

Mwezi huu tumeombwa tuandike juu ya maandalizi ya nyumbani kabla ya mvua. Tumekubali haraka kwa sababu ndiyo kazi tuliyo nayo mikononi hata sasa, tunaandika huku kucha zimejaa udongo. Tunasema "sisi" maana nyumba yetu ni ya watu wanane: bibi, baba, mama na sisi watoto watano, na mkubwa wetu ndiye yule mwalimu wa kujitolea ambaye wengi mnamjua pale darasa la tatu. Kazi ya kungoja mvua haifanywi na mtu mmoja, kwa hiyo hatuwezi kuiandika kama ya mtu mmoja.

Hapa Nyarugusu kalenda ya mvua inajulikana hata na mtoto wa chekechea. Mwezi wa tano mvua inakatika, kiangazi kinaingia na vumbi lake jekundu linalokaa hadi ndani ya sufuria, halafu karibu na mwezi wa kumi mawingu yanaanza kurudi. Hapo katikati ndipo kazi zote zinapotakiwa ziishe. Tofali haliwezi kukauka kwenye mvua, muhogo hauwezi kukauka kwenye mvua, na ukuta ulioanza kulowa chini haungoji ufanye mipango. Bibi anasema kule kwetu kwenye milima ya Fizi ilikuwa hivyo hivyo, nyasi zilikatwa mwezi wa saba kabla watu hawajawasha moto mbugani, na mtu aliyefika mwezi wa tisa bila nyasi aliombaomba kwa shemeji zake. Sisi watoto hatukuiona Fizi. Tumezaliwa hapa hapa kambini, wazazi waliingia baada ya vita vya 1996. Fizi tunaijua kwa mdomo wa bibi tu, na zaidi tunaijua kwa kazi zake.

Sasa kabla ya kufika kwenye nyasi na udongo, kuna jambo lazima tulieleze, kwa sababu tunajua nyumba nyingi ziko kama yetu.

Miaka miwili mfululizo nyumba yetu haikutengenezwa. Si uvivu. Tulikuwa kwenye mchakato wa kwenda Marekani. Tulishafanya mahojiano, tulishapimwa afya, mkoba wa safari ulishanunuliwa na kuwekwa juu ya kichanja, wa rangi ya buluu, na magurudumu yake. Baba akawa anasema, "Sasa nikate miti mipya ya paa ili nani alale chini yake?" Na kweli, utamwambia nini? Mtu anayetazamia kuondoka hawezi kupanda parachichi. Mama alikuwa anaziba ziba tu matundu kwa vipande vya mifuko. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na hata watu waliokuwa tayari wamepewa tarehe za ndege safari zao zikafutwa. Mnazikumbuka siku zile. Kuna waliokuwa wameshagawa vyombo vyao kwa majirani, na kwenda kumdai jirani sufuria yako ni kazi ngumu kuliko kukata tofali.

Basi kiangazi kilipofika, nyumba nzima iligawanyika. Baba bado alisema tusubiri, labda njia itafunguka, na kila mti unaoingia kwenye paa ni pesa. Mama alisema mvua haisomi mafaili. Bibi hakusema kitu, ila siku moja asubuhi tulimkuta amekaa nje na panga lake dogo, ananoa. Ana zaidi ya miaka sabini. Chumba chake ndicho kilichokuwa kinavuja kuliko vyote, msimu uliopita upepo uliinua kona ya paa lake usiku, na akalala amekaa, blanketi kichwani, hadi kukapambazuka. Baba alimtazama anavyonoa lile panga, akaingia ndani, akatoka na shoka. Hawakusemezana. Kazi ikaanza siku hiyo.

Tulianza na paa kwa sababu ukianza na ukuta, maji ya juu yatakuja kuuharibu. Shitingi yetu ilikuwa imeisha. Wengi mnafikiri shitingi inaharibiwa na mvua, lakini adui yake mkubwa ni jua. Ikikaa wazi juu ya paa kiangazi chote inakauka, inakuwa kama karatasi, ukiigusa inapasuka. Dawa yake ni ile ile ya zamani: shitingi ikae chini, nyasi zikae juu yake. Shitingi inazuia maji, nyasi zinaizuilia jua, na ndani kunakuwa na ubaridi mchana. Nyasi ziwe kavu kabisa mnapozipandisha, zikiwa na unyevu zinaoza na kuleta wadudu. Mnaanza kuezeka kutoka chini kwenda juu, fungu la juu lilalie la chini, kama magamba ya samaki. Na mteremko uwe mkali. Paa lililolala maji yanakaa juu yake yakitafuta tundu, na maji hayachoki kutafuta.

Ila nyasi zina hatari moja, nayo ni moto. Sisi jiko tumelitoa nje kabisa, hatua kama kumi kutoka nyumbani, maana cheche moja siku ya upepo inaweza kumaliza mstari mzima wa nyumba. Mwenye nafasi ndogo basi walau asikie neno hili: majivu ya moto yasitupwe kando ya ukuta jioni.

Miti ya paa ilitupa shida kuliko tulivyodhani. Mitatu ilikuwa imeliwa na mchwa ndani, nje inaonekana mizima kabisa, ukiigonga inalia kama ngoma. Gongeni miti yenu, ndugu zetu. Msingoje upepo uwagongee.

Baada ya paa tukaja kwenye kuta. Matofali yetu ni mabichi, ya udongo na maji tu, na tofali bichi likipigwa na matone yanayoruka kutoka chini linalika polepole mpaka ukuta unabaki na kiuno kama nyigu. Tumejaza pale palipolika kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na nyasi zilizokatwa vipande vidogo, halafu tukajenga kibaraza cha mawe na udongo kuzunguka nyumba ili matone yapige pale na sio ukutani. Udongo wa kichuguu ndio bora, mchwa wenyewe wameshaukanda. Maji ya kukandia ndiyo yaliyotutesa. Kiangazi foleni ya bomba unaijua, na ukibeba ndoo mbili za kukandia udongo watu wanakutazama vibaya, na wana haki. Tulikuwa tunatumia maji ya kufulia na ya kuoshea vyombo. Ukuta wetu una sabuni, kwa hiyo.

Halafu mtaro. Hapa tutakaa kidogo.

Mtaro kila mtu anauchimba, lakini swali sio kuuchimba, swali ni unaupeleka wapi. Mtaro wetu wa zamani ulikuwa unatoa maji yote nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba yetu kuna nyumba ya mama mmoja mjane na watoto wake. Na maji ya nyumba ya juu yetu yalikuwa yanatujia sisi. Kila nyumba inamfukuzia mwenzake maji, na wa mwisho chini kabisa ndiye anayeogelea. Msimu uliopita kulikuwa na maneno makali kwenye klasta yetu kwa sababu ya mtaro mmoja, watu walichimba usiku na wengine wakafukia alfajiri. Mambo ya aibu, hatutayaandika yote.

Safari hii mama alimwendea yule mama mjane kabla jembe halijagusa ardhi. Hakwenda na hotuba. Alikwenda na kibakuli cha chumvi, akamwambia, "Dada, twende tuangalie maji yatapita wapi." Wakatembea wawili kutoka juu hadi barabarani, mama akimwaga maji ya kopo hapa na pale kuona yanaelekea upande gani. Siku ya pili walikuwa wanne. Jumamosi iliyofuata nyumba kumi na moja zilitoa kila moja jembe moja na mtu mmoja, na mwenyekiti wa kijiji alipokuja akakuta mtaro mmoja mpana unashuka hadi kwenye mfereji wa barabara. Kuna mzee mmoja aliyekataa, akasema huo ni mpango wa kumletea maji yeye. Tulipitisha mtaro mbali na ukuta wake, na mawe tukampangia sisi. Bado anaununa, lakini ameanza kufagia majani yanayoziba pale mbele yake, tumemwona.

Mashimo tuliyochimba udongo tumeyafukia kwa takataka kavu na mchanga. Msiyaache, tafadhali. Shimo la tofali likijaa mvua linakuwa nyumba ya mbu, na kila mwaka baada ya mvua kukolea tunaona madarasani jinsi malaria inavyopanda, dawati la watoto watano linabaki na wawili. Vyandarua navyo vifuliwe sasa na kushonwa. Mkivifua msivianike juani, dawa iliyomo inaharibiwa na jua, vianikwe kivulini. Na choo mkikague kingo zake wakati ardhi bado kavu, shimo linalobomoka kwenye mvua linaleta mambo makubwa kuliko harufu.

Chakula hatuna kirefu cha kusema, maana mgawo mnaujua ulivyo, umepungua na kupungua. Ndiyo sababu kile kidogo kisiharibike. Unga usiwekwe chini, udongo unapanda unyevu. Tengenezeni kichanja hata cha miti minne. Ukiingia unyevu unaota kuvu, na kuvu ile ina sumu ambayo haiondoki kwa kupika, hata bugali ukiusonga saa nzima. Muhogo wa kwenye kibustani chetu tumeuvundika, tumeukausha na kuutwanga mapema. Maharage ya mbegu tumeyachanganya na majivu makavu ili wadudu wasiyatoboe. Na mbegu zenyewe, pamoja na vyeti vya shule na makaratasi yote ya familia, tumeviweka kwenye ule mkoba wa buluu. Hauingizi maji. Baba ndiye aliyeutoa juu ya kichanja na kuufungua, na ndani ulikuwa bado na harufu ya dukani.

Kuni zilianza kukusanywa tangu mwezi wa saba, kidogo kidogo. Kuni mbichi kwenye mvua ni moshi, na moshi ni kifua cha watoto mwezi mzima. Tunazipanga chini ya ukingo wa paa juu ya mawe, mchwa wasizifikie. Dada zetu hawaendi kuni peke yao, wanakwenda kundi na kurudi kundi, jua likiwa bado juu. Haya tunayaandika wazi kwa sababu kila mmoja wetu hapa anajua kwa nini. Na ili safari za kuni zipungue, mama amejenga jiko la udongo lenye mdomo mmoja, kuta nene kama kiganja cha mkono. Moto wa mafiga matatu unapasha uwanja mzima. Hili jiko linaupeleka moto kwenye sufuria. Likaushwe kivulini taratibu, ukiliharakisha juani linapasuka.

Wakati tukiwa katikati ya hayo, mama mdogo alitupigia simu kutoka Marekani. Yeye na mume wake walibahatika kuondoka 2018, wako katika mji mdogo wa mashambani jimbo la Iowa, mahindi kila upande, anasema ukipanda gari nusu saa hujaona kitu isipokuwa mahindi. Akauliza mnafanya nini, tukamwambia tunaezeka. Akacheka sana. Akasema, "Na sisi tunaezeka madirisha."

Tukadhani anatania. Kumbe kweli. Kwao mwezi wa tisa majani yanaanza kubadilika rangi, mwezi wa kumi yanaanguka, na hapo kila nyumba inakimbizana na baridi jinsi sisi tunavyokimbizana na mvua. Kule baridi inashuka chini ya sifuri, maji yanakuwa jiwe, na siku nyingine inafika nyuzi ishirini chini ya hapo. Nyumba yao ni ya mbao, ya zamani, ya kupanga, na upepo unapenya pembeni mwa vioo. Basi wananunua plastiki nyembamba, wanaigandisha kwenye fremu ya dirisha kwa ndani, halafu wanaipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka inakaza kama ngozi ya ngoma. Bibi aliposikia hayo akapiga makofi: "Yaani shitingi imewafuata hadi Marekani!"

Tulimuuliza mengi, tunayaandika hapa kwa faida ya wale ambao ndugu zao wako kule, na wale ambao faili zao bado ziko mahali fulani. Anasema makoti wanayatafuta mapema, mwezi wa tisa, kwenye maduka ya mitumba, maana baridi ikishashika mazuri yote yamechukuliwa. Viatu ni muhimu kuliko koti. Mwaka wao wa kwanza mtoto wake alitoka na kandambili kwenye theluji ya kwanza kwa furaha, akarudi analia vidole. Majani yanayoanguka uwanjani wanayakusanya kwa reki na kuyatia kwenye mifuko, watoto wanarukia ndani. Ngazi za mlangoni wanazimwagia chumvi barafu isije ikamwangusha mtu. Usiku wa baridi kali bomba la maji wanaliacha lidondoke kidogo kidogo, kwa sababu maji yaliyosimama yakiganda yanapasua bomba ndani ya ukuta. Mama hapo alinyamaza muda, akasema, "Waache bomba lidondoke usiku kucha?" Hakuweza kulimeza hilo.

Lakini mama mdogo ana kibustani. Kiangazi anapanda lengalenga na maboga kwenye kiwanja wanachogawana na familia nyingine, na kabla umande wa barafu haujaja, kwao ni mwezi wa kumi hivi, anakata lengalenga lote, analichemsha kidogo, analitia kwenye mifuko na kuligandisha kwenye friji. Linamfikisha hadi mwezi wa tatu. Mwezi wa kwanza nje pakiwa peupe kabisa, jua likizama saa kumi na moja jioni, yeye anafungua mfuko mmoja na nyumba inanuka Fizi. Haya ni maneno yake.

Neno moja alilisisitiza sana, nalo linatuhusu hata sisi wa hapa. Wageni wengine kule, hita ikiharibika, wanaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga milango ili wapate joto. Mkaa unaowaka ndani ya nyumba iliyofungwa unatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, watu wanalala na hawaamki. Kule nyumba nyingi zinawekwa kifaa cha kupiga kelele hewa hiyo ikijaa. Hapa hatuna kifaa. Mvua ikinyesha usiku na baridi ikaingia, tunajua wapo wanaoingiza jiko ndani, wanafunga mlango, wanawalaza watoto karibu nalo. Msifanye. Blanketi na nguo zote mlizo nazo, watoto walale wamekumbatiana, lakini jiko libaki nje.

Simu ilipoelekea kuisha, mama mdogo alimuuliza baba habari ya faili. Baba alisema hakuna habari. Kisha akamweleza habari ya paa, kirefu, miti mingapi, nyasi mafungu mangapi, mteremko ameukadiriaje, hata salio la simu likakata akiwa bado kwenye mteremko. Hatujamsikia baba akizungumza kirefu namna hiyo tangu Januari ile.

Kumbikumbi bado hawajatoka, kwa hiyo mvua yenyewe bado siku kidogo. Watoto wa darasa la tatu wameshaandaa makopo ya kuwakamatia, na wameahidi kumletea mwalimu waliokaangwa.

Na hilo darasa la tatu ndilo lililobaki. Paa lake upande wa mlango bado liko wazi, kama upana wa mikeka miwili. Wanafunzi wa hapo wanasoma wamebanana upande wa ubao, na mvua ikianza itabidi waende nyumbani kila wingu likitanda. Kama nyumbani kwako mmemaliza kuezeka na nyasi zimebaki, hata fungu moja, ziletwe Jumamosi asubuhi. Kamba tunazo, ngazi ameahidi kuiazima yule mzee wa mtaro, na baba yetu atakuwa juu.